Rekodi ile haikustahili sifa

Mhariri,

Miaka kumi na miwili nasoma gazeti lako bila kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Wiki mbili zilizopita mwandishi wenu aliisifu rekodi mpya ya Carmina Burana, kazi ya kwaya na okestra inayoimbwa hasa kwa Kilatini, kwa utulivu wake. Nikamwamini, nikainunua, nimeisikiliza mara tatu, na nimeumia.

Utulivu! Mtunzi Mjerumani Carl Orff aliitunga kazi hii kwa ajili ya jukwaa, na ndivyo ilivyooneshwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1937: piano mbili, timpani tano (zile ngoma kubwa za okestra), kwaya kubwa na kwaya ya watoto. Nilipokuwa mwanafunzi Ujerumani niliiimba, sauti ya nne, mstari wa mwisho, timpani mgongoni kwangu. Zikipigwa, mbao za jukwaa zilitetema hadi magotini. Wimbo wa bata maji anayebanikwa ulipofika, mwimbaji wetu wa teno, sauti ya juu ya kiume, alipanda juu mpaka sauti ikakwaruza na mishipa ya shingo ikamtoka, nasi wanaume tukaitikia kilio chake: maskini, maskini, nimekuwa mweusi, nimeungua vibaya! Orff aliiweka sauti ile juu kwa makusudi, ndege asikike anateseka. Kwenye rekodi hii mwimbaji wa teno anaimba kama anambembeleza mtoto alale. Kwaya iko mbali na maikrofoni, wimbo wa walevi umebaki mvumo mtupu, piano sikuzisikia kabisa, na sehemu ya watoto wamepewa wanawake wazima! Mimi nafundisha kwaya. Mwimbaji wangu akimeza mwisho wa neno la Kilatini, namrudisha mwanzo wa ukurasa.

Zaidi ya hayo, rekodi yenyewe haina hata karatasi ya tafsiri ya maneno. Watu wasipoelewa maneno, hutokea kama nilivyoona mwezi Agosti: nilihudhuria harusi, bibi harusi akaingizwa ukumbini kwa "O Fortuna", wimbo wa kazi hii hii unaoilalamikia bahati kwamba ni kama mwezi, leo unakua, kesho unapungua. Wazee walisimama kwa heshima wakidhani ni wimbo wa kanisa. Chakula hakikunipita kooni.

Naomba hivi: kabla mwandishi wenu hajaisifu rekodi nyingine ya kazi hii, asikilize kwanza wimbo wa bata maji peke yake, kwenye spika kubwa, si kwenye simu. Asipomwonea huruma yule ndege, asiandike.

Mwalimu wa kwaya,
Moshi