Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Wilaya ya Magu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, viongozi wa kijiji, wazazi na wanafunzi wenzetu, mwangaluka!

Tunakushukuru kwa kuja kuketi nasi hapa, hatua chache tu kutoka Mto Simiyu. Klabu yetu ilianza siku tulipogundua kwamba tunaweza kueleza sababu za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyejua bonde hili lililimwa na nani kabla ya babu zetu.

Tulianza na vitabu. Msafiri wa Kizungu Henry Stanley alifika Kageye, humu humu Magu, mwezi Februari 1875, akauhesabu mto wetu kuwa ndio mwanzo wa Nile upande wa kusini. Tulijivunia hilo, kisha tukaenda kwa wazee.

Bibi mmoja alitushushia mgono, yaani mtego wa samaki wa kusukwa, wa marehemu mumewe, uliokuwa umening'inia juu ya jiko hadi ukawa mweusi kwa moshi. Mdomo wake ni mpana, na koo la ndani limesukwa likielekea nyuma, samaki akishaingia asipate njia ya kutokea. Masika yalipoanza, samaki aina ya ningu walipanda mto kutoka Ghuba ya Speke kwenda kutaga, na watoto wakatumwa mtoni badala ya shambani. Wakerewe, Wakara na Wajita walikuja kwa mitumbwi na samaki wakavu, wakarudi na mtama wa Wasukuma. Wengine walioa hapa, wakabaki. Ndiyo maana hata darasani kwetu yupo anayemwamkia baba kwa Kijita na mama kwa Kisukuma.

Habari za pamba na ushirika wazazi waliopo hapa wanazijua kuliko sisi. Ila tunaomba utazame ule mstari wa minyaa nyuma ya bweni. Ulikuwa uzio wa kaya ya mtu. Wenyewe walihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, minyaa ikabaki kuonyesha walipoishi.

Mheshimiwa, mambo mawili yanatuuma. Mzee aliyetuahidi simulizi za watemi, watawala wetu wa jadi, alifariki wiki mbili kabla ya siku tuliyopanga kumrekodi. Tulikuwa tunasubiri kuazimwa simu. Na ningu sasa tunamsikia tu, hatumwoni: nyavu zinaziba mlango wa mto wakati wa kutaga, na mashamba yameshuka hadi ukingoni, udongo unaingia majini. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe. Tulipima kwa kamba nyuma ya shule yetu. Mahindi yameanza hatua sita kutoka kwenye maji.

Kwa hiyo tunaomba kinasa sauti, kabati la chuma lenye kufuli la kutunzia simulizi, na usafiri wa siku moja kwenda makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Pia tunaomba utusemee kwa serikali za vijiji ili mita hizo 60 ziwekewe alama. Miche ya kupanda tumeshaiotesha wenyewe.

Mgono upo hapa mezani. Bibi ameuleta mwenyewe, ameketi safu ya mbele, na anaomba akuonyeshe jinsi unavyotegwa.

Ni sisi wanachama wa Klabu ya Historia.