Shukrani kwa mzee mvuvi uliyewafundisha watoto wetu Malindi

Shikamoo mzee wangu. Hukuacha jina wala namba ya simu, kwa hiyo nakushukuru hapa mbele ya watu.

Kuwaeleza watoto wa chekechea habari za tsunami bila kuwatia hofu si kazi nyepesi. Wewe ulianza na wanachokijua: maji kupwa na maji kujaa, bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Kisha ukawaambia: bahari ikirudi nyuma ghafla, saa isiyo yake, samaki wakabaki wakirukaruka mchangani, usiokote hata mmoja. Kimbia, panda juu. Wala usishuke kwa kuwa wimbi la kwanza limepita, maana huenda mengine makubwa zaidi yakafuata. Ukawasimulia ya tarehe 26 Desemba 2004, ardhi ilipotetemeka mbali kule Sumatra, Indonesia, na maji yakafika pwani yetu siku ileile.

Kilichonigusa zaidi ni lile zoezi. Ulipuliza filimbi, watoto wakashikana mikono wakapanda ghorofani, na yule mwenzao asiyetembea vizuri ukampangia wawili wa kumsaidia. Sisi walimu tungeweza kumsahau. Wewe ulimwona kabla ya wote.

Sasa zoezi hilo tunalifanya kila muhula, na wazazi wameomba nao wafundishwe. Ukipita tena karibu na shule, tafadhali ingia. Allah akulipe kheri na akuzidishie afya, wewe na walio nyumbani kwako.

Mwalimu wa chekechea, Malindi