Nenda kwa Mama kabla ya Jumapili

Mama Neema mpenzi,

Habari za huko Kibosho? Bibi mpe shikamoo yangu, na watoto wote nisalimie. Sisi huku Marekani wazima. Nimekaa kimya tangu Pasaka, nimekutumia picha moja tu, na najua imekuuma. Tutayamaliza kwa simu. Leo nakuandikia kwa sababu ya Mama.

Ile picha niliyokutumia, nimeshika bunduki na baiskeli imelala nyuma yangu, imefika kwenye kundi la jumuiya. Imepitaje, tuyaache. Mama alinipigia juzi saa tisa usiku ya huku, analia, ananiuliza kwa nini nimeingia jeshi bila kumuaga. Nikaeleza, nikaeleza, bando lake likaisha. Sasa nasikia Jumapili anapeleka nia ya misa. Na wewe unajua habari za Mjomba na vita vya Kagera. Aliondoka 1978, na hadi leo kofia yake ingali imetundikwa pale sebuleni. Kwa Mama bunduki ni vita hivyo tu.

Kwa hiyo nakuomba umwendee. Nikueleze vizuri ili ukamweleze vizuri.

Mchezo wenyewe ni mbio za baiskeli za milimani zenye kulenga shabaha katikati. Zimetokana na mchezo wa baiathloni, ule wa kuteleza kwenye theluji huku mtu amebeba bunduki mgongoni. Huo uko kwenye Olimpiki tangu 1960, na wanawake waliingia 1992. Wetu wa kiangazi ni mdogo wake. Bunduki hatubebi, zinabaki kwenye kichanja pale uwanjani. Unafika, unashuka kwenye baiskeli, unachukua yako, unalenga, unairudisha, unapanda tena. Kabla ya kuruhusiwa nilisomeshwa usalama: mtutu hauelekei popote ila kwenye shabaha, na nyuma ya shabaha kuna tuta kubwa la udongo. Bahati mbaya uwanja wenyewe uko ndani ya kambi ya jeshi la akiba, hapa Jericho, Vermont, na bango lao limeingia kwenye picha. Ndilo lililomtisha Mama, nadhani.

Shabaha ni tano, mita 50 mbele yako. Ukilala chini, unatakiwa kupiga kiduara cha milimita 45, mwenzangu, kama ndimu! Ukisimama unapewa cha milimita 115. Hakuna darubini, ni kitundu tu cha kuchungulia. Ukipata, kile cheusi kinageuka cheupe. Ukikosa, kila risasi moja unalipa kwa kuzunguka mzunguko wa adhabu huku wenzako wanakupita.

Nilipolala nilipata nne. Nilifurahi mno! Nikarudi msituni, kilima chenye mizizi na matope, ule mteremko wa mwisho breki nimezibana mpaka vidole vikafa ganzi. Nikafika zamu ya kulenga nimesimama. Moyo unapiga 160, mikono imetetemeshwa na usukani njia nzima, na nikichungulia naona mtutu unaruka kila moyo unapopiga. Nikafyatua haraka haraka. Nikakosa nne.

Picha ilipigwa hapo, kabla ya risasi ya tano. Nataka Mama aelewe dakika ile. Nilishusha bunduki, nikavuta pumzi, nikaitoa taratibu. Ukishatoa pumzi, kabla hujavuta nyingine, kuna kinafasi kidogo mwili unatulia. Unafyatulia hapo hapo, bila kuvuta kidole kwa nguvu. Nikapata. Tangu nifike nchi hii sijawahi kutulia namna ile, na kazi zenyewe za usiku unazijua. Unakumbuka tulivyokuwa tukishusha ndizi kwa baiskeli sokoni Mbuyuni, mkungu nyuma, breki hazishiki, na ukijikaza tu umeanguka? Ni kitu hichohicho. Mwambie hivyo, ataelewa, maana yeye ndiye aliyetufundisha kulegeza mabega.

Kwa hizo nne nilizokosa nilizunguka adhabu mara nne, nikamaliza, magoti yamejaa matope. Siachi, Mama Neema. Nataka arudi kulala usingizi wake, lakini siachi. Mwezi ujao kuna nyingine na nimeshaanza mazoezi: napanda ngazi za nyumba mbio, kisha nasimama na fimbo ya ufagio ukutani kutafuta kile kinafasi.

Usimwambie haina hatari, atajua unamdanganya. Mwambie hakuna anayelengwa. Mwambie ni vyuma vitano ukutani. Na kuhusu Mjomba... hapo sijui nimwambieje. Wewe utaona.

Utaweza kwenda Jumamosi, kabla hajamfikia padre? Utamkuta peke yake, au yule jirani atakuwa amekaa palepale? Anakula? Dawa za presha anameza? Ukimkuta ametulia, unaweza kumpa simu tuongee kwa video nimwonyeshe baiskeli? Na goti lako limekuwaje, lile la Krismasi? Neema amefaulu? Ile baiskeli yetu ya zamani bado iko kwa fundi au imeshauzwa?

Nijibu hata usiku.

Wako,
Anna