Kwa vijana wa steji yetu ya bodaboda ya Kondele, Kisumu

Wanangu,

Jumatatu nilikaa kwenye benchi lenu nikingoja mtu wa kunipeleka Kibuye. Mlikuwa mkiizungumzia ajali ya mwenzenu aliyemgonga yule mama wa sukumawiki. Mmoja wenu alisema kwa sauti ndogo, "Labda alikuwa anakimbiza." Hakujibiwa. Mwingine akasema mama alivuka bila kutazama. Wa tatu, kwamba kina mama wa soko ndio zao. Wa nne akaapa alikuwa na simu sikioni. Nusu saa haikuisha, yule wa kwanza ndiye aliyekuwa akimlaumu mama kuliko wote. Na hakuna hata mmoja wenu aliyekuwepo ajali ilipotokea.

Niliumia, maana njia hiyo nimeipita. Enzi za baiskeli nilimgonga mzee karibu na soko. Breki zangu zilikuwa zimelika, nami nilijua tangu asubuhi. Wenzangu walinifariji hadi jioni, na kufikia magharibi niliamini kabisa kwamba mzee ndiye aliyejitupa barabarani. Sikwenda kumjulia hali. Mpaka leo sijui kama mguu ule ulipona.

Mambo haya yamepimwa. Katika utafiti wa mwaka 1969, wanasaikolojia Moscovici na Zavalloni waliwajadilisha wanafunzi wa Paris habari za De Gaulle, aliyekuwa rais wa Ufaransa, kisha za Wamarekani. Walioanza wakimpenda De Gaulle kiasi walitoka wakimpenda zaidi. Waliowashuku Wamarekani wakawashuku zaidi. Naye mtafiti Svenson, katika utafiti wa mwaka 1981, aliwauliza madereva wajipime na wenzao. Wamarekani 88 kati ya kila 100 walijiweka katika nusu iliyo salama zaidi. Waswidi walikuwa 77. Nusu gani hiyo ya kuingia watu wote hao? Sasa waketishe watu kama hao benchi moja, kila mmoja akihofu kwamba kesho lawama itakuwa yake.

Kumfariji mwenzenu sikatazi, naye ana watoto. Ila Jumapili mkikutana, kabla ya mtu kufungua mdomo, kila mmoja aandike kwenye karatasi kosa ambalo huenda lilikuwa letu. Katibu asome bila majina. Kabla ya hapo, wawili wenu twende hospitalini tumsikilize yule mama mwenyewe. Alhamisi saa nne asubuhi nitakuwa stejini, na nauli yangu nitalipa.

Mzee wenu