Barua kwa mwanangu anayekwenda kutembea Berlin

Lindi, Januari

Mwanangu,

Sote hapa wazima. Habari kwamba Jumamosi unakwenda Berlin nimeipata kwa shangazi yako, wala si kwako, na hilo tutalizungumza siku nyingine. Nilichoambiwa ni kwamba mtashuka stesheni asubuhi, mtembee kwa miguu kutwa nzima mpaka treni ya usiku. Kutwa nzima, mama? Januari hii? Redioni wamesema theluji imeanguka huko. Kifua chako unakijua. Beba ile dawa yako ya kuvuta, na usiifukie chini ya begi. Itie mfuko wa ndani wa koti, ipate joto la mwili.

Sikukatazi kwenda. Mtu wa Lindi afike Berlin arudi bila kumwona mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria ambaye mifupa yake ilichimbwa huku kwetu, itakuwa aibu yangu mimi. Ila anzeni na huyo, maana yuko ndani na ndani kuna joto. Jengo linaitwa Museum für Naturkunde, liko Invalidenstraße, si mbali na stesheni kuu, na Jumamosi wanafungua saa nne asubuhi. Mjusi alisimamishwa ukumbini mara ya kwanza mwaka 1937, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Wenzako watapiga picha. Wewe soma vibao, uniangalizie kama jina la Boheti bin Amrani limeandikwa popote. Janensch na Hennig, wale wataalamu wa Kijerumani, wanatajwa kila mara, lakini aliyewasimamia wachimbaji na kujua namna ya kuitoa ile mifupa ardhini isivunjike alikuwa yeye. Walichimba kuanzia 1909 hadi 1913. Zaidi ya tani 200 zilitoka Tendaguru mpaka bandarini kwetu juu ya vichwa na mabega ya watu, na watu wenyewe ndio kwanza wametoka kwenye Maji Maji na njaa yake. Maneno ya babu yako juu ya mizigo ile unayo, siyarudii.

Huku bado watu wanabishana, arudishwe au abaki. Mimi nasema arudi. Mama yako anasema kwanza watengeneze barabara ya Tendaguru, maana hata akirudi nani atafika kumwona.

Kabla ya kutoka nje vuta dawa. Usingoje ubanwe ndipo uanze kuitafuta.

Kutoka hapo nenda Brunnenstraße, namba 193. Chini, kwenye njia ya waenda kwa miguu, kuna kibamba cha shaba kisichozidi kiganja. Usikikanyage. Ni cha Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingizwa jeshi lao angali mtoto, akajeruhiwa Mahiwa mwaka 1917, hapa hapa mkoani kwetu. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wa jeshi, wake na wa baba yake. Wakamnyima. Akabaki, akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 wakamkamata kwa kuwa na mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1944 akafia Sachsenhausen, kambi ya mateso ya Wanazi. Msomee Fatiha. Lakini usisimame hapo muda mrefu, baridi ya kusimama ndiyo inayoingia kifuani.

Najua nakuongezea mwendo huku nakukataza kutembea. Basi kwenda Wilhelmstraße pandeni treni ya chini, msijitie ushujaa. Nyumba ya Bismarck walimokaa wakubwa wa Ulaya kuigawa Afrika, kuanzia Novemba 1884 mpaka 26 Februari 1885, haipo tena. Pamebaki kibao tu, karibu na namba 92. Kesho yake, tarehe 27, Carl Peters akapewa hati ya Kaisari juu ya Usagara na nchi za jirani, kwa vile vikaratasi vya mikataba alivyowafanya watu watie alama. Mkimaliza, Lango la Brandenburg liko karibu. Hilo litazameni mtakavyo, mimi sina neno nalo. Jua la huko mwezi huu linazama saa kumi na kitu, basi giza likiingia muwe mmeshakaa mahali penye chai.

Koti la kijani kwenye picha uliyotuma mama yako amelipenda. Mimi nimeona halina kofia. Na usije ukanikumbusha safari ya Masasi na dawa iliyobaki mezani. Siku ile ilikuwa ya joto, na tulirudi salama.

Nilikutana sokoni na mwalimu wako wa sekondari. Nikamwambia uko mwaka wa pili wa uuguzi, na mitihani yote unafanya kwa Kijerumani. Akanishika mkono, hauachii. Nikamwambia pia kwamba simu hupigi, akacheka.

Fedha ya mwezi huu usitume, nunua viatu vya theluji, vile vya raba si vya huko. Huku tutajikimu. Korosho mnada wa mwisho bei ilishuka, nimebakiza magunia ghalani. Pampu ya kisima imekufa tena, na fundi anataka nusu ya hela kabla hata hajaigusa. Mdogo wako anachota maji kwa jirani, ananuna njia nzima. Yule mbuzi mwenye baka amezaa mapacha, majike wote. Mama yako anataka tuuze mmoja tumlipe fundi, mimi nimemwambia mbuzi ni wa mwenyewe, aulizwe. Ukishatoka Berlin nijibu hilo, na uniambie kifua kiliendaje.

Baba yako