Wanaofundisha kupokonya panga watuambie waliyapokonya wapi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu wa karate, judo na taekwondo, na hao wanaojiita wataalamu wa kujihami, hasa wanaomwaga ushauri mitandaoni. Mimi ni mwanamke, nafundisha Goju-Ryu, mtindo mmoja wa karate, watoto na akina mama hapa Temeke, jioni, kwenye ukumbi wa kukodi. Nina mkanda mweusi, dan (daraja) ya pili. Mashindano ya mkoa nimeshinda machache na kushindwa mengi. Kupambana na mtu mwenye kisu cha kweli, sijawahi. Nayataja haya mapema ili msomaji ajue maneno yangu ayape uzito gani.

Kinachoniudhi ni kwamba wenzangu wengi hawasemi hivyo. Mtu anaandika: jambazi akikujia na panga, mwingie ndani, shika kiwiko, zungusha, kwisha habari yake. Chini yake watu wanampongeza mpaka basi. Ukimuuliza kwa adabu, kaka, hili lilikukuta au ulifundishwa, unaambiwa una wivu, au kwamba mwanamke hawezi kuyaelewa mambo ya mtaani. Tangu mwaka 2022, vijana wa magenge ya uporaji ya Panya Road walipotukosesha usingizi Dar, maelekezo ya namna hii yamezidi, na wanaoyasoma ni watoto wanaorudi twisheni usiku.

Kuna zoezi lisilo na siri yoyote, klabu nyingi duniani zinalifanya. Unachukua kisu cha mbao, makali yake unayapaka rangi ya mdomo, unampa mtu asiyejua lolote na kumwambia achome na kukata apendavyo. Hivi karibuni nilimpa binti wa kidato cha pili. Mbele yake alisimama mgeni wetu, mkanda mweusi, mwanamume aliyejengeka. Mkono wa binti aliudaka kweli, na kisu kikaanguka. Kisha tukamsogeza chini ya taa. Mstari mwekundu ulitoka kiganjani ukapanda hadi karibu na kwapa, mingine miwili ilikuwa tumboni, na mmoja shingoni, chini kidogo ya sikio. Binti anacheka. Mgeni alikuwa akiufuta ule wa shingoni kwa kidole, nao unazidi kusambaa. Nilimheshimu, kwa sababu baadaye aliwaeleza wanafunzi wake mambo yote kama yalivyokuwa, na wa shingoni hakuuruka.

Mzee mmoja, mlinzi wa ghala la jirani, aliwahi kukatwa panga. Nilimwomba aje azungumze na akina mama. "Nilikimbia," akasema, "mlango umefungwa kwa ndani." Akanyoosha mkono wa kushoto: vidole viwili vya mwisho havikunjiki. Walikuwa wawili au watatu, hakumbuki. Mkono aliuinuaje, hakumbuki. Mama mmoja akamuuliza, sasa baba, tufanyeje? Akajibu, "Pigeni kelele mapema. Mimi nilichelewa."

Sisemi kila anayesimulia kwa ufasaha ni mwongo, wapo waliojaliwa ulimi. Ila hadithi ikiwa na kila pigo kwa mpangilio wake, jambazi kaanguka upande gani na msimuliaji hana hata mkwaruzo, mimi huuliza mara mbili.

Na si wote wanaodanganya kwa makusudi. Japani alikuwapo mwalimu mmoja, Yanagi Ryuken, aliyekuwa akiwaangusha wanafunzi wake bila kuwagusa. Mwaka 2006 alikubali kupambana hadharani na mpiganaji asiyekuwa mwanafunzi wake, akapigwa ngumi za uso na pambano likaishia hapo. Nikiitazama video ile sioni tapeli, maana tapeli asingepanda ulingoni. Namwona mzee aliyeaminishwa na wanafunzi waliokuwa wakianguka kwa heshima. Kwetu nako, sensei, yaani mwalimu, akisema jambo tunaitikia "Osu!", nani atamuuliza? Pongezi za mtandaoni zinafanya kazi ileile, tena kwa haraka zaidi.

Medali nazo zisituchanganye. Fainali ya karate ya uzito wa juu kwenye Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Tareg Hamedi wa Saudia alikuwa mbele kwa pointi. Akampiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa, Mwirani akazimia, na dhahabu akapewa aliyezimia, kwa kuwa sheria haziruhusu pigo lisilozuiwa namna hiyo. Ndiyo michezo yetu: tumefunzwa kusimamisha pigo. Kwa hiyo medali ni ushahidi wa mashindano, na mtu akiitumia kuuza somo la panga ameihamisha mahali pake.

Hata nasaba. Sisi wa Goju-Ryu wa Dar tunajivunia kujihesabu hadi kwa marehemu Sensei Nantambu Camara Bomani, Mmarekani Mweusi aliyefundisha Zanaki hapa Dar miaka ya 1970, na kupitia kwake hadi Okinawa, Japani, chimbuko la mtindo wetu. Ni heshima kubwa, nami naitaja. Lakini inaeleza nilifundishwa na nani. Nilipigana na nani, haielezi.

Ninachoomba si kigumu. Anayeshauri aseme: hili nilifanya, hili niliona, hili nilisimuliwa, hili nilitazama kwenye simu nikalipenda. Ushauri wa kusimuliwa unaweza kuwa mzuri kabisa, mimi mwenyewe nafundisha mengi niliyosimuliwa, na akina mama wangu wanajua ni yapi. Kijana akishajua kwamba mbinu fulani haijawahi kujaribiwa na anayeifundisha, ataitumia mlango ukiwa umefungwa. Ukiwa wazi, atakimbia.

Nawe Mhariri, mwandishi wako wa michezo akimnukuu tena "mtaalamu wa kujihami", amuulize kabla hajafunga daftari: hili lilikukuta? Jibu, liwe ndiyo au hapana, mlichapishe pamoja na ushauri wenyewe.

Mwalimu wa karate,
Temeke, Dar es Salaam