Jumamosi: Sepúlveda na San Frutos

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunatoka Madrid saa moja kamili asubuhi kwenda Sepúlveda, mkoa wa Segovia. Tunaanza na kanisa la El Salvador, juu kabisa ya mji. Ni la mwaka 1093, na kwangu mimi lile baraza lake la matao peke yake linatosha safari. Kisha San Frutos, kikanisa kilichojengwa ukingoni mwa genge, mto Duratón ukijipinda chini na tumbusi wakipita usawa wa macho. Njia haina kivuli: viatu imara, kofia, maji. Wenye watoto, washikeni mkono kule. Mchana ni mwanakondoo wa tanuri la kuni. Asiyekula nyama aniambie kabla ya Alhamisi.